Kompyuta moja, mifumo miwili: mzigo huu asiachiwe mtumiaji peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalowagusa watu wengi hapa Tanga ambao riziki yao inapita kwenye kompyuta: wenye steshenari, wahasibu wa vyama vya kuweka na kukopa, walimu, wanafunzi wa vyuo na makarani wa maduka ya jumla. Tangu Microsoft ilipofikisha mwisho huduma yake kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu hawa wamekuwa wakiambiwa mambo mawili tu, ama wanunue kompyuta mpya, ama watafute fundi wa kuwapigia Windows 11 kwa njia za panya. Mimi ni fundi mwenye meza yangu ya kazi Ngamiani, na naandika kusema kwamba ipo njia ya tatu, ya halali na ya gharama ndogo, nayo ni kuifanya Linux, ambayo hupatikana bure, iwe mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) wa kila siku, kisha kuibakiza Windows kwa ajili ya ile programu moja au mbili zisizokubali kufunguka kwingine. Ninalo pia la pili, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kazi yote ya kuendesha mifumo miwili katika mashine moja inamwangukia mtumiaji, ilhali aliyeleta haja hiyo ni mtu mwingine kabisa, yaani yule aliyechagua, kwa niaba ya wengi, programu inayofanya kazi kwenye mfumo wa kampuni moja.

Nieleze kwanza hali ilivyo. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni za mtumba, zilizotumika maofisini nje ya nchi, na nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba. Ni mashine imara. Kibodi zake ni nzuri, vipuri vinapatikana, na ukitoa diski ya zamani ukaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, mwenyewe hushangaa kuona inawaka upesi kuliko siku aliyoinunua. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizitaki mashine hizi. Inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache mno. Kwa hiyo kompyuta iliyokuwa ikichapa barua na kutunza hesabu bila kusumbua imehesabiwa kuwa imezeeka, ingawa ndani yake hakuna kilichoharibika. Upo mpango wa Microsoft wa kuwaongezea watumiaji binafsi maboresho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na anayeweza kujiandikisha ajiandikishe, lakini mpango huo unasogeza siku tu.

Kuhusu Windows za njia za panya sitasema mengi. Programu ya kuvunja kufuli la leseni karibu kila mara humtaka mtu azime kinga ya virusi kabla ya kuifungua, na mtu aliyekubali sharti hilo amekwisha kumwachia mgeni asiyemjua funguo za nyumba. Nyingi za Windows hizo huzimwa pia maboresho ya usalama ili kufuli lisirudi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kote kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kuliziba mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikupokea kiraka.

Sasa, haja ya kuendesha programu za mfumo mmoja juu ya mfumo mshindani si ngeni wala si ya mafundi wa uchochoroni. Kampuni zenyewe zimekuwa zikiifanya. IBM ilipotoa mfumo endeshi wake wa OS/2 toleo la 2.0 mwaka 1992, iliunadi kwa uwezo wake wa kuendesha programu za Windows. Mwaka 1997 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual PC, iliyowawezesha wenye Macintosh kufungua Windows ndani ya mashine zao, polepole lakini kwa uhakika. Apple ilipohamia prosesa za Intel mwaka 2006, haikuchukua hata miezi sita kabla ya kutoa Boot Camp, chombo cha kuweka Windows kwenye Mac, na hakuna aliyeiita hila. Kwa upande wa Linux, mradi wa Wine, wa kuziwezesha programu za Windows kufunguka humo, ulianza mwaka 1993, na toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15 ya kazi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya kujitolea, na ambayo tangu mwaka 1994 imeongozwa na Alexandre Julliard. Nayataja haya kwa sababu bado nakutana na wateja wanaodhani kwamba kuweka Linux na Windows pamoja ni kuiharibu kompyuta au ni kuvunja sheria, jambo ambalo si kweli.

Njia zenyewe ni tatu, na kila moja ina watu wake. Ya kwanza ni kuigawa diski, Windows ikakaa upande mmoja na Linux upande mwingine, na kila unapowasha kompyuta menyu inakuuliza unataka ipi. Njia hii ina faida mbili kubwa kwa watu wa kipato chetu. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine inabaki pale pale ilipokuwa, bila kuguswa, na mfumo unaoutumia wakati huo unapata nguvu yote ya mashine, hata kama RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 tu. Kwa mhasibu ambaye programu yake ya hesabu ni ya Windows na haihitaji intaneti, mimi humshauri njia hii: kazi ya mtandaoni, barua pepe na nyaraka zifanyike Linux, na Windows 10 ifunguliwe kwa hesabu tu, ikiwa imekatwa kabisa kwenye mtandao.

Hata hivyo njia hii ina mambo ambayo fundi asiyemweleza mteja wake amemwachia tatizo, na naomba niyaeleze kwa kirefu kidogo kwa kuwa ndiyo yanayorudisha watu mezani kwangu. Tuanze na saa. Saa iliyomo kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, husomwa na Windows kama saa ya mahali ulipo, wakati Linux kwa kawaida huisoma kama saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtu akimaliza kazi Linux kisha akafungua Windows, anaikuta imerudi nyuma saa tatu. Mhasibu mmoja wa chama cha kuweka na kukopa aliniletea kompyuta akiwa na bahasha ya stakabadhi mkononi, kwa sababu malipo yaliyopokewa saa mbili asubuhi, wanachama wakiwa wamepanga foleni dirishani, yalikuwa yameandikwa saa kumi na moja alfajiri, na mkaguzi alitaka kujua ni nani aliyefungua ofisi kabla ya adhana. Alikuwa ameambiwa kwamba betri ya madabodi imekufa na alikuwa amekwisha kununua mpya. Betri haikuwa na kosa. Kuna amri moja fupi ya kuielekeza Linux isome saa ya madabodi kama saa ya hapa, na tatizo likaisha pale pale, akasubiri dakika chache tu kwenye benchi.

Jambo jingine ni ule uwashaji wa haraka ulioanza na Windows 8. Ukiizima Windows yenye mpangilio huo, haizimiki kabisa. Inalala na kuliacha eneo lake la diski likiwa wazi nusu. Ukiingia Linux na kutaka kuhifadhi faili kule, unakataliwa, nawe unaruhusiwa kusoma tu, na hiyo ni kinga nzuri kwa sababu kuandika juu ya diski iliyo katika hali hiyo kunaweza kupoteza mafaili. Wengi hudhani Linux imegoma. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuuondoa uwashaji huo, kisha kuzima upya. Aidha, kabla ya kugusa chochote, fundi aangalie kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la siri la Windows, na kama mwenye mashine anao ufunguo wa kuirejesha, la sivyo siku ya kwanza ya Linux inaweza kuwa siku ya mwisho ya mafaili yake.

Umeme nao ni sababu ya kuwa na subira. Kazi ya kuipunguza sehemu ya Windows ili Linux ipate nafasi haitaki kukatika katikati, na kwa hali ya umeme wetu mimi siifanyi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, hata mteja anung'unike vipi. Nakala ya mafaili kwenye diski ya nje inatangulia. Kisha kuna hatari inayotoka kwa wenye mfumo wenyewe. Agosti 2024 Microsoft ilitoa boresho la usalama ambalo ilisema halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili, lakini kwenye baadhi ya mashine hizo Linux ilikataa kuwaka, ikatoa ujumbe wa kukiukwa kwa sera ya usalama. Wenye ujuzi walijua namna ya kupita. Karani wa duka la vifaa vya ujenzi angejuaje?

Njia ya pili ni ile ninayoipenda zaidi pale mashine inaporuhusu, nayo ni kuifungua Windows ndani ya Linux kama dirisha jingine, ikiamini kwamba iko kwenye kompyuta yake yenyewe. Mafundi tunaiita mashine pepe. VirtualBox ya Oracle inafanya kazi hiyo, na sehemu yake kuu ni programu huria. Mfumo mwenyeji ni Linux, mfumo mgeni ni Windows, na mgeni anaona diski, RAM na printa zile tu alizogawiwa. Faida yake ni kwamba huhitaji kuzima na kuwasha ili uhame; unanakili tarakimu kutoka programu ya hesabu na kuzibandika kwenye barua yako papo hapo. Mgeni unaweza kumnyima intaneti kwa kubofya mara moja, na kabla ya kujaribu jambo la hatari unaweza kuipiga picha hali yake yote, ukaharibu, kisha ukarudi ulipokuwa. Picha hiyo lakini si nakala ya akiba, kwa sababu inakaa kwenye diski ile ile, na diski ikifa vinakwenda vyote.

Masharti yake ni haya. Prosesa iwe na uwezo wa kuendesha mashine pepe, na uwezo huo uwashwe kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya msingi ya madabodi, kwa maana mashine nyingi za mtumba huuzwa ukiwa umezimwa na mtu akakata tamaa bila sababu. RAM iwe GB 8 angalau, nusu yake apewe mgeni. Mwenye GB 4 asijaribu, atakaa akiangalia mshale unazunguka. Kuhusu leseni, nasema wazi kwa kuwa wapo wanaoficha: Windows iliyokuja na kompyuta imefungwa na kompyuta hiyo, na mashine pepe inahesabiwa kuwa kompyuta nyingine, kwa hiyo huyu mgeni anahitaji leseni yake mwenyewe. Anayeikwepa hiyo atakuwa amerudi kwenye njia za panya kwa mlango wa nyuma.

Njia ya tatu ni Wine, ambayo haihitaji Windows kabisa. Inachukua maombi ambayo programu inayatuma kwa Windows na kuyageuza kuwa maombi ambayo Linux inayaelewa. Hakuna leseni ya Windows ya kununua, na haili RAM kama mashine pepe. Kwa programu ndogo na za zamani inafanya vizuri kiasi cha kushangaza; hata zile za biti 16 za enzi za Windows 3.1, ambazo Windows za leo za biti 64 zimezikataa, Wine inazifungua. Inaposhindwa, mara nyingi ni pale programu inapotaka draiva yake maalumu, yaani programu ndogo ya kuongozea kifaa: kifunguo cha USB cha kuthibitisha leseni, kisoma alama za vidole, au printa ya stakabadhi yenye draiva ya Windows peke yake. Hapo usipoteze siku. Nenda kwenye mashine pepe, ambayo inaweza kukabidhiwa tundu la USB moja kwa moja.

Wenye Mac, ambao ni wachache hapa Tanga, wajue tu kwamba Boot Camp haipo kwenye mashine zenye chipu za Apple yenyewe, zilizoanza na M1 Novemba 2020. Kwao ni mashine pepe yenye Windows ya prosesa za Arm, aina ya chipu hizo, na programu nyingi za kawaida zitafunguka humo, ila draiva za zamani hazitafunguka.

Sasa nije kwenye steshenari, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona kwa karibu jinsi haja ya Windows inavyoweza kuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mama mmoja mwenye steshenari jirani na hospitali alinijia na mashine ya kizazi cha nne, akaniambia, "Mwanangu, nipigie hiyo mpya, lakini kadi zangu zisipotee." Nilimwomba anioneshe anachofanya siku nzima. Anachapa barua za maombi ya kazi, anatoa kopi, anasaidia wanafunzi kujaza maombi ya mikopo ya HESLB, anawasajilia watu majina ya biashara BRELA, na msimu wa harusi unapofika anatengeneza kadi za michango. Maombi ya mikopo na usajili wa BRELA ni kazi za kivinjari, na kivinjari kwenye Linux ni kile kile. Barua zinaandikika LibreOffice, programu ya ofisi ya bure. Kilichobaki ni kadi, ambazo alizitengeneza kwa Microsoft Publisher kwa miaka mingi, na folda yake ilikuwa imejaa mafaili ya wateja wanaorudi kila mwaka kutaka kadi "kama ile ya dada". LibreOffice inayafungua mafaili ya Publisher. Tuliyafungua moja moja, na kweli baadhi yalikuja na fonti zilizobadilika, au ua la pembeni limesogea na kulifunika jina la bwana harusi. Yaliyofunguka vizuri tuliyahamisha, na yaliyokataa tuliyaachia Windows yake ya zamani upande wa pili wa diski. Siku hizi huingia huko kwa nadra, na safari hizo zinapungua kila kadi moja inapotengenezwa upya.

Hadithi ya mama huyu inanipeleka kwenye lile jambo la pili. Kwa nini kazi zake nyingi zilihama bila shida? Kwa sababu taasisi zilizoandaa mifumo yake ziliamua ifunguke kwenye kivinjari chochote. Ndivyo ulivyo pia mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, na ndivyo ilivyo DHIS2, inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara yetu ya afya kukusanya takwimu. Karani wa zahanati anayejaza takwimu huko hajali mashine yake ina mfumo gani. Uamuzi huo ulifanywa na watu wachache mezani, na umewaondolea maelfu gharama ambayo hata hawajui kwamba waliepushwa nayo.

Kinyume chake nakiona kila wiki. Taasisi inatuma fomu ya Excel iliyojaa makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, na fomu hiyo ikifunguliwa kwa kitu kingine vitufe vyake vinakufa. Mfadhili anaipa asasi ndogo ya Pangani programu ya kuripoti inayotaka Windows pekee, bila kuipa kompyuta wala leseni. Shule inafundisha somo la kompyuta kwa kumwonesha mwanafunzi kitufe kilipo kwenye Word ya mwaka fulani, na akihamishiwa programu nyingine inayofanya kazi ile ile anajiona hajui kitu. Kisha sisi mafundi tunaitwa kuziba pengo, mteja analipa, na aliyeagiza programu hajui kama amemgharimu mtu.

Wapo watakaosema kwamba maadamu mashine pepe na Wine zipo, malalamiko haya hayana msingi, kila mtu atumie mfumo aupendao na aufungue mwingine ndani yake. Hoja hiyo naiheshimu, lakini historia inaionya. OS/2 iliendesha programu za Windows vizuri, na wengi wanaofuatilia historia ya kompyuta wanaona kwamba uwezo huo huo ulichangia kuiangusha, kwa kuwa watengenezaji hawakuona sababu ya kuandika programu za OS/2 wakati za Windows zilikuwa zikifunguka humo. IBM iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2006. Upatanifu uliokamilika, yaani mfumo mmoja kufungua programu za mwingine bila kasoro, unamwondolea mwenye programu sababu ya kubadilika, na anayebeba gharama ni yule yule wa mwisho.

Tazama pia taasisi mbili za umma za Ulaya. Baraza la jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 zaidi ya kompyuta 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza hilo likapiga kura ya kurudi Windows. Siasa ilikuwemo, lakini malalamiko ya nyaraka zisizofunguka sawasawa na programu maalumu zilizobaki upande wa Windows yalikuwemo pia. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilienda kwa mpangilio mwingine. Mwaka 2005 lilibadilisha kwanza programu za ofisi, likaweka OpenOffice juu ya Windows ile ile, likafuata na kivinjari na programu ya barua pepe, na mwaka 2008 ndipo likaanza kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Askari walipohamishiwa mfumo mpya walikuta programu wanazozijua. Kwangu mimi huo ndio mpangilio wa kuigwa: anza na mafaili, fuata programu, mfumo endeshi uwe wa mwisho. Mteja anayekuja akitaka Linux leo leo, mara nyingi mimi humrudisha na Windows yake ikiwa na LibreOffice na kivinjari cha Firefox, azoee mwezi mzima kwanza.

Nasi hatuanzi sifuri. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, iliyofanya kazi kwenye Windows na Linux pia. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na inanisikitisha kwamba vijana ninaowafundisha ufundi hawajapata kuisikia. Muundo wa nyaraka wa ODF, ambao LibreOffice inautumia, ulikubaliwa na shirika la viwango la kimataifa mwaka 2006, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba tunaombwa kutegemea kitu cha majaribio.

Ninachoomba kwa halmashauri, vyuo, vyama vya ushirika na asasi za mkoa wetu kinawezekana bila bajeti mpya. Zabuni ya programu yoyote itakayotumiwa na watu wa nje ya ofisi iwe na sharti kwamba ifunguke kwenye kivinjari, au ifanye kazi kwenye mifumo zaidi ya mmoja. Fomu za kujaza zitolewe kwa ODF au PDF pamoja na ile ya Excel, na zisiwe na makro pasipo sababu. Mkataba useme kwamba data za chama zinaweza kutolewa kwa muundo unaosomeka kwingine, maana nimeona chama kikilipia upya leseni ya programu ya hesabu kwa sababu moja tu, kwamba kumbukumbu za wanachama zilikuwa zimefungiwa humo. Na anayeandaa programu aijaribu kwenye Linux kabla ya kuikabidhi, hata kwa nusu siku, ili kasoro zionekane mapema.

Simtaki kila mtu aiache Windows. Mchoraji wa ramani anayetegemea ArcGIS Pro, au mhandisi ambaye AutoCAD ndiyo mkate wake, mwenye mashine inayokubali Windows 11 na leseni halali, abaki alipo na afanye kazi kwa amani. Barua hii ni ya wale ambao kompyuta zao zina afya na wamehukumiwa kwa sababu ya programu moja.

Kwa wenye steshenari nina taarifa ya haraka. Microsoft imetangaza kwamba itaiondoa Publisher Oktoba 2026. Mwenye folda za kadi na vipeperushi vya wateja, awe atahamia Linux au atabaki Windows, ayafungue mafaili hayo wakati Publisher yake bado inafanya kazi, atoe nakala ya PDF ya kila moja ili sura yake isipotee, kisha yale yanayoombwa mara kwa mara ayahamishie LibreOffice akianza na ya msimu ujao wa harusi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga.